Faili la regyuleta ya volti: namba moja ndogo, mtaa mzima hatarini

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuzungumze umeme. Sio bei ya umeme, hiyo mshaizungumza mpaka mmechoka. Nataka kuzungumza kuhusu faili. Ndio, faili la kompyuta, la maandishi matupu, unaweza kulifungua kwa Notepad hapo hapo kafe ulipokaa. Humo ndani mna namba ambazo ukizielewa zitakufungulia mlango, na usipozielewa utaandika uongo mkubwa bila kujua kama unasema uongo.

Nianze na kisa chenyewe. Juzi jioni nilikuwa kafe moja maeneo ya Mkunazini, nasoma barua pepe zangu. Mtoto wa shangazi yangu alikuwa kompyuta ya pembeni, yuko mwaka wa mwisho anasomea umeme. Ghafla akaniita.

"Kaka, njoo uone, nimemaliza!"

Nikasogea. Alikuwa na mradi wake wa mwisho: laini ndefu ya kilovolti 33 inayotoka kwenye transfoma kubwa ya kilovolti 132 kwa 33, inakwenda mpaka vijiji vya mwisho kusini. Tatizo la laini ndefu mnalijua. Ni kama mpira wa maji: aliye karibu na tangi anapata maji ya nguvu, wa mwisho anapata matone. Kwenye kompyuta yake, jioni watu wakiwasha taa na mapangaboi, nyumba ya mwisho ilikuwa inapata volti 206. Akaongeza regyuleta kwenye transfoma, nyumba ya mwisho ikapanda mpaka volti 229.

"229, kaka! Karibu 230 kabisa. Jumatatu napeleka kwa mwalimu."

Nikampongeza, maana kweli ilipendeza. Halafu nikamuuliza swali moja tu: "Umejaribu saa 9 za usiku, mdogo wangu?" Akaniangalia. Alikuwa hajajaribu. Tukapunguza mzigo mpaka chini ya robo, kama watu wamelala, tukaiambia programu ipige hesabu upya. Nyumba ya mwisho: volti 254. Nyumba za karibu na transfoma: volti 259.

Kwa wasiojua: umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, na kipimo cha kimataifa kinaruhusu kupanda au kushuka asilimia 10, yaani kati ya 207 na 253. Kwa hiyo dogo alikuwa ameokoa kijiji kimoja jioni, halafu usiku watu wamelala akaipeleka laini nzima nje ya mpaka. Chaja, televisheni, balbu, vyote vinakula volti za ziada mpaka asubuhi. Na ripoti yake ilikuwa tayari na sentensi inayosema "inapendekezwa mipangilio hii itumike".

Tukafungua faili. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja.

PROGRAMU YENYEWE NI IPI?

Inaitwa OpenDSS. Ni ya taasisi ya utafiti wa umeme ya Marekani, EPRI. Ilianza kutengenezwa mwaka 1997, na mwaka 2008 wakaitoa wazi kwa kila mtu, bure. Huhitaji kuiba leseni wala kutafuta kopi ya magendo. Unaipakua, unaiweka kwenye flashi, na mtandao wa umeme unauandika kwa maneno, mstari kwa mstari: chanzo, transfoma, waya, mizigo. Halafu kuna mistari ya vidhibiti, yaani vile vifaa vinavyofikiri na kuamua. Kidhibiti cha leo kinaitwa RegControl. Kazi yake ni kuangalia volti na kuamuru tepu ya transfoma ipande au ishuke.

Mstari wa dogo ulikuwa hivi:

New RegControl.R1 transformer=T1 winding=2 vreg=110 band=2 ptratio=300 ctprim=700 R=3 X=9

Ukiutazama haraka unaona sawa tu. Haya, tuuchambue neno kwa neno.

TRANSFORMER NA WINDING

Hizi rahisi. Ya kwanza ni jina la transfoma inayodhibitiwa. Ya pili ni upande gani unaopimwa. Namba 2 hapa ni upande wa kilovolti 33.

VREG

Hii ndiyo volti inayotakiwa. Sasa wengi hapa wanachanganyikiwa: mbona laini ni ya volti 33,000 halafu mtu anaandika 110? Kwa sababu kidhibiti hakigusi volti 33,000, kingeungua pale pale. Kuna transfoma ndogo ya kupimia inayoshusha volti mpaka kiwango kidogo ambacho rilei inaweza kukisoma. Kwetu kiwango cha kawaida ni 110. Wamarekani wanatumia 120, ndio maana usipoandika kitu OpenDSS inachukua 120 yenyewe.

PTRATIO

Hapa ndipo dogo alipoangukia. Hii ni namba ya kugawanya: volti halisi gawanya kwa hii, upate volti inayoonekana na rilei. Dogo akasoma kibao cha transfoma ya kupimia kimeandikwa 33,000 kwa 110. Akagawanya, akapata 300. Hesabu ya darasa la saba, sahihi kabisa.

Kasoro ni kwamba 33,000 ni volti ya kati ya fezi na fezi. OpenDSS, kama upande huo wa transfoma umeunganishwa kwa nyota, inapima fezi na nyutro. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 19,053 tu (33,000 gawanya kwa 1.732). Sasa 19,053 gawanya kwa 300 unapata 63.5. Rilei inataka 110, inaona 63.5. Inadhani laini inakufa! Inapandisha tepu. Inaangalia tena: bado. Inapandisha tena. Inakwenda mpaka ngazi ya 16, mwisho wa ngazi, asilimia 10 juu, inagota. Hata pale usiku laini ilipokuwa nje ya mpaka, rilei ilikuwa inaona kama volti 71 tu na bado inalilia 110.

Kwa maneno mengine, dogo hakuwa na regyuleta. Alikuwa na transfoma iliyogota juu, usiku na mchana, na jioni ikatokea kwa bahati kuwa namba imependeza.

Dawa yake: ptratio=173.2, kwa sababu 19,053 gawanya kwa 173.2 ni 110. Kama upande wako umeunganishwa kwa delta, hapo 300 ni sawa. Kwa hiyo kabla ya kuandika hii namba jiulize kwanza: nyota au delta?

BAND

Huu ni ukanda wa kuvumilia. vreg=112 na band=2 maana yake rilei inakaa kimya kati ya 111 na 113. Ukiigeuza kuwa volti za nyumbani, ni kama kati ya 232 na 236 pale karibu na transfoma.

Kuna mtu atasema, mbona tusiweke ukanda mdogo, 0.5, ili volti inyooke vizuri zaidi? Usifanye hivyo. Tepu ni kama ngazi za nyumba, huwezi kusimama katikati. OpenDSS usipoiambia kitu inachukua ngazi 32, kila moja asilimia 0.625. Kwenye 110 hiyo ni volti 0.69 kwa hatua moja. Ukanda ukiwa mdogo kuliko hatua, tepu inapanda inauruka ukanda, inashuka inauruka tena, juu chini juu chini. Programu itakulalamikia kwamba vidhibiti vimezidisha idadi ya majaribio. Kwenye transfoma ya kweli haitakulalamikia, itasaga tepu mpaka zichakae. Tena transfoma nyingi kubwa zina hatua ya asilimia 1.25, ambayo ni karibu volti 1.4. Hapo weka ukanda wa 3 hivi. Kawaida nzuri ni ukanda usipungue hatua mbili. Na idadi ya hatua utaisoma kwenye kibao cha transfoma yako, usikisie.

CTPRIM, R NA X

Hizi tatu zinatembea pamoja, na ndizo tamu kuliko zote. Zinaiambia rilei ifidie volti zinazopotea njiani. Rilei iko kwenye transfoma, haioni kijiji cha mwisho. Lakini inaona mkondo. Mkondo ukiwa mkubwa, inajua watu wamewasha vitu na volti inapotea njiani, kwa hiyo inapandisha kidogo. Watu wakilala mkondo unashuka, nayo inashusha.

ctprim ni ampea za transfoma ya kupimia mkondo. R na X ni volti ambazo rilei ikadirie kuwa zimepotea njiani pale mkondo unapofika ampea hizo. Kumbuka: ni volti, sio omu! Kuzipata: chukua ctprim, zidisha kwa omu za waya mpaka mahali unapotaka kupatunza, gawanya kwa ptratio.

Sasa 700, 3 na 9 za dogo zilitoka wapi? Nilipomuuliza akacheka kwa aibu. Alizitoa kwenye mfano maarufu wa IEEE wa nodi 13, unaokuja pamoja na programu. Ule ni mtandao wa mfano wa Kimarekani wa volti 4,160, waya mfupi. Kanakili mstari, kabadilisha vreg na ptratio, kaacha zilizobaki. Wadau, namba ikisafiri inakuja na kwao. Huwezi kuchukua omu za waya wa Marekani ukazitandika barabara ya kwenda kusini Unguja.

SET DEFAULTBASEFREQUENCY

Hii haimo kwenye mstari wa RegControl lakini lazima niitaje. OpenDSS imezaliwa Marekani, umeme wa kule ni hezi 60. Wetu ni 50. Usipoandika Set DefaultBaseFrequency=50 mwanzoni, kabla ya kuunda sakiti, itafanya kazi zake zote kwa 60 na haitakwambia kitu. Kwa sie wa kisiwani hili sio jambo dogo. Kebo ya baharini inabeba chaji kama kapasita, na mkondo wa chaji unakwenda na hezi. Ukiacha 60 unaongeza asilimia 20 ya mkondo ambao haupo.

Na kebo ndio roho yetu. Kebo ya kwanza ya kutoka Ras Kiromoni bara mpaka Ras Fumba ililazwa mwaka 1980, ya kubeba megawati 45, na kutoka Fumba umeme unakwenda Mtoni. Mnakumbuka mwaka 2008, Unguja ilikaa kama mwezi mzima bila umeme wa gridi. Halafu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu! Majenereta yanaunguruma Mji Mkongwe kila kichochoro, samaki wanaoza, maji hayapandi kwa sababu pampu hazina umeme. Kebo ya pili ya megawati 100 ikaja mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani kupitia MCC. Sisemi zile giza zilitokana na faili la mtu, hapana. Nasema kisiwa kinachoishi kwa waya wa baharini kinahitaji vijana wake wenyewe wanaojua kuzisoma hizi namba, sio kusubiri mtaalamu apande ndege.

DELAY

Dogo hakuiandika hii kabisa, na usipoiandika inachukua sekunde 15. Ni muda wa kusubiri kabla ya kuchukua hatua, ili rilei isishtuke kila mtu akiwasha pasi. Ukiwa na regyuleta mbili kwenye laini moja, ya karibu na chanzo ipe muda mfupi, mathalan 30, ya mbali ipe 45. Wa mbele atengeneze kwanza, wa nyuma amalizie. Ukizigeuza, wa nyuma atapandisha, wa mbele naye atapandisha, halafu wa nyuma arudi kushusha. Kazi mara mbili, tepu zinachakaa bure.

TULIPOREKEBISHA

Tulianza pole pole. Kwanza tukaandika Set ControlMode=OFF, ili tuone mtandao bila kidhibiti chochote: 206 kijijini jioni, kama mwanzo. Halafu tukakiwasha kikiwa na ptratio=173.2, vreg=112, band=2, na R na X tukaziweka sifuri. Karibu na transfoma ikawa 234, kijijini 211. Uso wa dogo ukanywea.

"Kaka, mbona sasa imekuwa mbaya? Mwanzo ilikuwa 229."

Nikamwambia 229 ilikuwa ya uongo, 211 ni ya kweli, na tena iko ndani ya mpaka. Sasa tuitengeneze kihalali. Jioni laini yake ilikuwa inavuta ampea 200, kwa hiyo tukaweka ctprim=300. Tukachagua sehemu ya njiani ambayo omu za waya mpaka hapo ni 2.3 za R na 2.3 za X. 300 mara 2.3 gawanya kwa 173.2, unapata 4. Mstari mpya:

New RegControl.R1 transformer=T1 winding=2 vreg=112 band=2 ptratio=173.2 ctprim=300 R=4 X=4 delay=30

Jioni: transfoma 241, kijijini 219. Saa 9 za usiku, ampea 45: transfoma 236, kijijini 231. Tukaandika Show Taps, tukaona tepu inatembea sasa, jioni iko kama ngazi ya 9 juu, usiku inarudi karibu na sifuri. Inafanya kazi kama mtu aliye macho. Hizi ni namba za zoezi lake, sio vipimo vya laini yoyote halisi, msije mkanukuu.

Dogo akakaa kimya kidogo, akafuta ile sentensi ya mapendekezo, akaanza kuiandika upya. Safari hii akaweka jedwali la jioni na la usiku, la karibu na la mbali. Saa ya kafe ikaisha, tukaongeza nyingine, nikalipa mimi.

MAMBO YA KUONDOKA NAYO

1. Usiamini matokeo ya saa moja na sehemu moja. Jaribu mzigo mkubwa na mdogo, angalia mwanzo na mwisho wa laini.

2. Baada ya hesabu andika Show Taps na Show EventLog. Tepu ikiwa imegota 16 au -16, usishangilie. Nenda kaangalie ptratio.

3. Kila namba iwe na mahali ilipotoka: kibao cha transfoma, urefu wa waya, hesabu yako. Weka alama ya mshangao mwisho wa mstari uandike hapo ulipoitoa, programu inayaruka maneno yaliyo baada ya alama hiyo. Namba isiyo na asili ni mgeni asiyejulikana kaja saa 6 za usiku, usimfungulie.

4. Andika majina ya parameta, usiandike namba tupu kwa mpangilio. OpenDSS inakubali namba tupu, lakini siku utakayogeuza 112 na 2, hutaamini utakachokiona.

5. Kompyuta hukosei bure. Rilei ya kweli ina watu wake wenye dhamana, mwanafunzi haigusi.

Na hili la mwisho nalisema kwa vijana wote mnaosoma umeme, au mnaotaka kusoma. Faili halidanganyi, linatii tu. Ukiliambia laini inakufa, litapandisha mpaka linagota, wala halitakuuliza mara mbili. Kuuliza ni kazi yako.

Mwenye swali, au aliyewahi kunasa kwenye ptratio kama dogo wangu, aandike kwenye maoni hapo chini. Na mafundi wakubwa mlioshika kazi hii miaka mingi, mkiona nimekosea mahali nisahihisheni bila ya kuoneana haya, sote tunajifunza. Naomba kuwakilisha.